Saa ya Mpira Mjini Morogoro

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau methali hii ingalikuwa sheria ya biashara, magazeti na redio zingalikosa pato, na mchezaji wa mpira angaliingia uwanjani bila ya jina la mfanyabiashara kifuani mwake. Lakini mambo ya dunia hayakwenda hivyo. Chema na kibaya vyote hujitembeza, na mahali vipendapo kutembea ni pale ambapo watu wengi wamekaza macho. Katika Tanzania ni vigumu kutaja jambo lililokaza macho ya watu wengi kuliko kandanda. Kwa sababu hiyo habari za mpira na habari za tangazo zimesukwa pamoja kama ukili wa jamvi, na mtu atakaye kujua kwa nini shabiki hununa mbele ya televisheni hana budi aufuate ukili huo tangu ncha yake ya kwanza.

Morogoro ni mahali pafaapo kwa kazi hiyo. Mji huu umelala chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, na reli ya kati iliufikia mwaka 1907. Umepata kutoa bingwa wa taifa mwenye jina lisilouza kitu, na mkoa wake umepata kutoa bingwa mwenye jina la bidhaa. Umepata kuuonea mpira fahari, na umepata kuukosa kabisa katika daraja la juu. Juu ya kichwa chake, katika kilele cha Bondwa, imesimama milingoti ya mawasiliano ambayo huonekana kutoka mjini siku ambazo ukungu umeinuka. Mkulima wa ndizi wa Matombo na mlima kabeji wa Mgeta wana neno lao la kusema juu ya mchezo huu, wala neno lao si dogo kwa sababu wanaishi mbali na uwanja.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Kwa misimu kumi ya kwanza ubingwa haukuvuka mipaka ya Dar es Salaam. Sunderland, ambayo mwaka 1971 iliacha jina hilo la kigeni ikaitwa Simba, iliutwaa; Cosmopolitans iliutwaa mwaka 1967; na Yanga ikaushika kwa miaka mitano mfululizo tangu 1968 hata 1972. Watu wa mikoani walikuwa kama wageni waalikwao karamuni ili wapige makofi tu. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilikivunja kiburi hicho. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kuwa bingwa wa ligi hiyo. Mseto ni jina la chakula, mchele na choroko katika chungu kimoja, nacho hupikwa katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Lakini hakuna kampuni iliyokuwa ikiuza mseto, na jina lile halikumwambia mtu anunue kitu. Lilisema tu kwamba watu mbalimbali wamechanganyika wakawa kitu kimoja.

Ushindi ule haukutazamwa na watu wengi. Katika Tanzania bara hapakuwa na televisheni wakati huo, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Aliyekuwa uwanjani aliona kwa macho, na waliobaki waliona kwa masikio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndilo jicho la taifa, na mtangazaji wa mpira alikuwa mtu wa heshima kubwa, kwa kuwa wasikilizaji walimkabidhi kitu ambacho mtu hamkabidhi mwenziwe kwa urahisi, nacho ni macho yao. Kijijini redio moja ilitosha watu ishirini. Iliwekwa juu ya kiti au dirishani, betri zake zikianikwa juani zilipodhoofika, na watu wakanyamaza kimya. Tangazo la biashara lilikuwapo katika redio pia, lakini lilijua mahali pake. Mpira ulipoanza lilikaa kando, likangoja mapumziko.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba enzi hiyo ilikuwa safi na haina doa la biashara. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashirika ya umma yalishika sehemu kubwa ya uchumi, na mengi yalikuwa na timu za mpira. Morogoro ilikuwa na Reli, timu ya watu wa garimoshi, na ilikuwa na Tumbaku, iliyopata jina lake kutoka kiwanda. Mwanza ilikuwa na Pamba. Moshi ilikuwa na Ushirika. Dar es Salaam ilikuwa na Bima na Sigara. Mtu aliyeshangilia Tumbaku au Sigara alikuwa akitaja bidhaa kila alipofungua kinywa. Kwa hiyo tangazo halikuanza na televisheni. Lilikuwa limo ndani ya jina la timu yenyewe. Lakini shabiki hakulalamika, na sababu yake yapasa ielezwe vizuri, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa habari hii yote. Jina la Tumbaku halikumpunguzia dakika hata moja ya mchezo. Zaidi ya hayo shirika lile lilimpa mchezaji kazi na mshahara, na mchezaji aliishi mtaani pamoja na washabiki wake. Jioni alikutwa sokoni, na Jumapili alikutwa dansini, katika mji ambao Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz waliufanya ujulikane Afrika ya Mashariki nzima. Tangazo lilichukua jina likalipa kwa ukarimu.

Mfano wa mwisho wa desturi hiyo ulikuwa mkubwa kuliko yote. Huko Turiani, chini ya milima ya Nguru katika wilaya iitwayo sasa Mvomero, wafanyakazi wa shamba la miwa walianzisha timu mwaka 1988, nayo ikaitwa Mtibwa Sugar. Mwaka 1999 ilikuwa bingwa wa Tanzania, na mwaka 2000 ikarudia. Uwanja wake wa Manungu umezungukwa na miwa, na timu kubwa za pwani zilipokwenda huko zilijua zinakwenda kwa wenyewe. Tangu ubingwa ule wa Mtibwa, hata mwisho wa msimu wa 2024/25, ni timu tatu tu zilizotwaa taji: Simba, Yanga, na mara moja Azam katika msimu wa 2013/14. Zote tatu ni za Dar es Salaam. Mto Ruvu huzaliwa katika milima ya Uluguru ukateremka kwenda kuinywesha Dar es Salaam, na vipaji vya mpira vimefuata mkondo ule ule. Mtu wa mlimani huitazama chemchemi yake ikimnufaisha mwingine, naye akitaka kuona imefika wapi hana budi alipe.

Kulipa huko kulianza polepole. Televisheni za watu binafsi zilifika Tanzania bara mwaka 1994, na televisheni ya serikali ikafuata mwaka 2000. Kwa muda mrefu mtu wa mjini Morogoro aliweza kunasa picha kwa antena ya bomba iliyofungwa juu ya mlingoti wa mti, lakini mtu aliyekaa nyuma ya mlima hakupata kitu. Mawimbi ya televisheni huenda kama mtu mwenye haraka, yaani moja kwa moja, na Uluguru ni ukuta uliosimama njiani. Vilele vyake hupita mita 2,600. Halafu lilikuja dishi. Dishi halina haja na mlingoti wa mjini, kwa kuwa hutazama juu mbinguni, kwenye setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mlima uliomficha Mluguru kwa miaka mingi ukawa hauna tena nguvu ya kumficha. Hapo ndipo mpira ulipopanda hadi vijiji vya juu, na tangazo likapanda pamoja nao, limeketi begani kama mtoto.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Tangu hapo televisheni pekee haikutosha. Ilitakiwa kuwa na king'amuzi, na neno hilo likaingia katika kila nyumba kabla chombo chenyewe hakijaingia. Mwaka 2013 kampuni ya Azam ilinunua haki ya kuonyesha ligi kuu kwa miaka mitatu, kwa zaidi ya shilingi bilioni 5, na kila timu ikaahidiwa shilingi milioni 100 kwa msimu. Yanga iliupinga mkataba ule hapo mwanzo, na katika hoja zilizosemwa ilikuwamo kwamba mwenye televisheni alikuwa pia mwenye timu katika ligi ile ile. Mwaka 2021 mkataba mpya ulitiwa sahihi, wa miaka 10 na wa shilingi bilioni 225.6. Kwa hesabu ya mwaka mmoja mmoja thamani ilikuwa imepanda zaidi ya mara kumi. Jambo ambalo mwaka 1975 lilikuwa halina bei, yaani kuutazama mpira kutoka mbali, sasa lilikuwa na bei inayojulikana mpaka nukta ya mwisho.

Hapa yafaa kutupa jicho nje ya Afrika, maana jambo hili lina wazee wake. Tangazo la kwanza la biashara kulipiwa katika televisheni ya Marekani lilionyeshwa New York tarehe 1 Julai 1941, nalo lilikuwa la saa za Bulova. Lilitokea wakati watu walipokuwa wakingoja mchezo wa besiboli. Kwa hiyo mchezo na tangazo la televisheni vilifunga ndoa siku ile ile tangazo lilipozaliwa, na bidhaa ya kwanza kuuzwa ilikuwa ni chombo cha kuhesabia wakati. Mtu apendaye kutafuta maana katika mambo hawezi kuipita hii.

Mfano wa pili ni wa tarehe 17 Novemba 1968. Timu mbili za mpira wa Kimarekani, ya New York na ya Oakland, zilikuwa zikishindana vikali, na televisheni ya NBC ikionyesha. Saa ya filamu ya watoto iitwayo Heidi ilifika, na filamu hiyo ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa mtangaza biashara. Mchezo ulikatwa katika sehemu kubwa ya nchi, hali zimebaki sekunde 65. Katika sekunde hizo Oakland ilipata alama zilizougeuza mchezo, ikashinda 43 kwa 32, na mamilioni ya watu hawakuona. Walipiga simu kwa ghadhabu hata mitambo ya simu ya kampuni ikazidiwa. Tangu siku hiyo desturi ikawekwa kwamba mchezo uonyeshwe mpaka mwisho. Ghadhabu ya washabiki, ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ni kelele za walevi na wavivu, ilikuwa imetunga kanuni.

Mpira wa miguu una bahati ambayo michezo ya Kimarekani haina. Kipindi chake cha dakika 45 hakisimami kwa ajili ya mtu, na kwa sheria mapumziko hayawezi kupita dakika 15. Mfanyabiashara hana mlango wa kuingilia. Lakini mgeni aliyekosa mlango hutafuta dirisha, na madirisha yamepatikana mengi. Tangazo hukaa kifuani mwa mchezaji na katika mbao zinazouzunguka uwanja. Hukaa katika jina la ligi, iliyoitwa Vodacom kwa miaka mingi na tangu Oktoba 2021 ikaitwa kwa jina la benki ya NBC. Hukaa katika kinywa cha mtangazaji, ambaye kona ikipigwa hulazimika kwanza kumtaja aliyeilipia. Hupita chini ya picha kama mstari wa siafu. Wakati mwingine picha yote hufinywa ipishe pembeni, na wachezaji huwa wadogo kama punje, hali mpira ungali hai.

Malalamiko ya mashabiki wa Morogoro huanzia hapo, lakini hayaishii hapo. Wengi wao hawautazami mpira nyumbani. Huutazama katika kibanda umiza, chumba cha mabati na mabenchi ambacho mwenyewe amenunua king'amuzi, akalipia mwezi, na kuwatoza watazamaji kiingilio kidogo. Jina lenyewe la kibanda ni ushahidi: hapo mtu huumia kwa joto, na kwa bao la dakika ya mwisho. Mtazamaji wa kibandani hulipa mara ya kwanza mlangoni. Hulipa mara ya pili kwa macho yake, kwa kuwa tangazo ndilo linaloyanunua. Ikiwa tangazo linalipa gharama za mpira, kiingilio ni cha nini? Na ikiwa kiingilio kinalipa, tangazo linadai nini? Wenye televisheni hujibu kwamba yote mawili hayatoshi, kwa kuwa kamera, magari ya mitambo na safari za mikoani hugharimu fedha nyingi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo haujamfikia mtu wa benchi la nyuma, maana hakuna aliyewahi kumketisha akamwonyesha hesabu.

Lipo tangazo moja linalowasumbua wazee kuliko mengine, nalo ni la michezo ya kubahatisha. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliingia Tanzania, ikawa mdhamini wa Simba na Yanga pamoja, na mwezi Julai mwaka huo ikaileta Everton kutoka Uingereza kucheza na Gor Mahia ya Kenya mjini Dar es Salaam. Wayne Rooney alifunga bao, na watu walifurahi kwa haki. Lakini pamoja na furaha ile lilikuja neno jipya juu ya neno la zamani. Mkeka, ambao kwa Mswahili ni mahali pa kukaa wageni na pa kulaza watoto, ukawa ni orodha ya mechi ambazo mtu ameziwekea fedha, na mkeka ukichanika fedha zimekwenda. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 asicheze. Lakini jicho la mtoto halina lango, na tangazo humfikia kibandani akiwa ameketi sakafuni mbele ya wakubwa.

Hasara ya fedha ni dhahiri, na wahenga waliisema zamani kwamba cha mlevi huliwa na mgema. Hasara nyingine imejificha. Mwenye mkeka haitazami timu yake tena. Hutazama mechi nne au tano kwa wakati mmoja, za nchi asizozijua, na bao la Mtibwa humfurahisha au humwudhi kwa kadiri ya karatasi yake. Mwaka 1975 mtu wa Morogoro alikuwa na timu moja na moyo mmoja. Tangazo la kawaida humwomba shabiki anunue sabuni, kisha humwacha na ushabiki wake. Tangazo la kubahatisha hutia mkono katika ushabiki wenyewe likaubadili kuwa hesabu ya faida.

Sasa yaja jambo la saa, ambalo ndilo kubwa. Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga zilipangiwa kukutana Dar es Salaam saa 11 jioni. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mikoani, Morogoro ikiwamo, kwa mabasi ya alfajiri, na wengi walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani. Mchana wa siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba mchezo umesogezwa hadi saa 1 usiku kwa maelekezo ya serikali. Yanga ilishika saa ya kwanza. Ilifika, ikajinyoosha uwanjani, kisha ikaondoka, ikisema kwamba kanuni haziruhusu saa kubadilishwa namna hiyo. Mchezo ukaahirishwa, ukachezwa tarehe 3 Julai, na Yanga ikashinda bao 1 kwa 0. Tarehe 8 Machi 2025 mambo yalirudi kwa sura nyingine. Simba ilizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mchezo, ikasema haitacheza. Bodi ya ligi ikaahirisha mchezo siku ile ile. Yanga ikafika uwanjani ikasimama peke yake. Mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2 kwa 0 na kutwaa ubingwa, miezi mitatu na nusu baada ya siku iliyoandikwa katika ratiba.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba matangazo ya biashara ndiyo yaliyovuruga siku hizo mbili. Hayakuwa sababu. Lakini siku hizo zilionyesha wazi jambo ambalo shabiki alikuwa akilihisi tangu zamani bila ya kuwa na jina lake: kwamba saa ya mpira si yake. Mwenye televisheni huitaka iwe usiku, watu wakiwa wamerudi kazini. Wasimamizi huisogeza, na vilabu hugombania. Ratiba husimama kupisha timu ya taifa na mashindano ya Afrika, kisha mechi hulimbikizwa mwishoni mwa msimu kama mavuno yaliyochelewa. Mtu ambaye hakuulizwa hata mara moja ni yule aliyekata tiketi ya basi.

Kwa mtu wa Uluguru saa ina uzito usiojulikana kwa mtu wa mjini. Mchezo wa jioni katika Uwanja wa Jamhuri ukiisha kabla ya jua kuzama, mkazi wa Kiroka au Mkuyuni hupata gari akafika kwake. Mchezo wa usiku ukiisha, gari hakuna, na njia ya mlimani haisameheki wakati wa mvua. Viwanja vidogo visivyo na taa hulazimika kucheza mchana au kuhamishia mechi zao mahali pengine. Wanakijiji wa Turiani wamepata kuiona timu yao ikicheza mechi za nyumbani mbali na nyumbani, wakaitazama katika televisheni pamoja na watu wa Arusha na Mbeya, kama kwamba wao nao ni wageni wake.

Msimu wa 2023/24 ulipokwisha Mtibwa Sugar ilishuka daraja, baada ya kukaa ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20. Katika msimu uliofuata mkoa wa Morogoro haukuwa na timu katika daraja hilo. Vibanda havikufungwa. Watu waliendelea kulipa na kutazama, lakini walitazama mali ya wengine. Mtibwa ikawa bingwa wa ligi ya daraja la kwanza, iitwayo Championship, katika msimu wa 2024/25, ikapanda tena. Furaha iliyokuwapo Turiani haikuletwa na tangazo lolote, wala tangazo lolote halingaliweza kuizuia.

Je, mashabiki watake tangazo liondoke kabisa? Historia ya karibu imekwisha kulijibu swali hilo. Mkataba wa mdhamini mkuu ulipomalizika mwaka 2018, ligi ya msimu wa 2018/19 iliendeshwa bila ya mdhamini wa jina. Ilikuwa na timu 20, yaani mechi 380 katika nchi ambayo kutoka Bukoba mpaka Mtwara ni safari ya zaidi ya siku moja kwa basi. Vilabu vya mikoani vililia kwa nauli na malazi, na mishahara ya wachezaji ikachelewa. Vilabu vikubwa vilikuwa na matajiri wake. Vidogo vilikuwa na madeni. Mdhamini aliporudi mwaka 2019 wengi walishusha pumzi. Kwa hiyo anayesema kwamba tangazo ni adui tu wa mpira hakumbuki msimu ule, au alikuwa shabiki wa timu yenye tajiri.

Kwa upande mwingine, fedha ikiingia bila ya mapatano mema huzaa ugomvi. Mwezi Novemba 2021 kampuni ya GSM iliingia kuwa mdhamini mwenza wa ligi. Kampuni hiyo ilikuwa pia mfadhili wa Yanga, na Simba ikakataa kuvaa nembo yake. Mwezi Februari 2022 kampuni ikajitoa. Kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja cha mkono kilishinda shilingi bilioni mbili na zaidi. Tukio hilo hufundisha kwamba shabiki na klabu hawaioni nembo kama rangi tu juu ya nguo. Nembo ni ahadi na uhusiano, na mtu huchagua ni nani wa kuingia naye katika ahadi.

Ukili wote ukitazamwa tangu ncha ya kwanza, hatua zake zaonekana. Tangazo lilianza kwa kuchukua jina la timu, na watu wakaridhika kwa sababu lililipa ajira na halikugusa mchezo. Kisha likachukua kifua cha jezi na ukuta wa uwanja, na watu wakazoea. Mwisho likatia mkono katika picha, katika moyo wa mtazamaji, na katika saa. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza, na manung'uniko hayo si ya watu wasioshukuru. Jina linaweza kuazimwa likarudishwa. Sunderland iliacha lake ikapata jingine, na haikupungukiwa kitu. Jezi huvuliwa. Lakini saa ya mtu ikichukuliwa hairudi, na mkulima wa Mgeta aliyeacha shamba lake ili aone mchezo usiochezwa hawezi kulipwa jua la siku ile.

Madai yao yakikusanywa ni machache, na hayahitaji sheria mpya. Wanataka saa iliyotangazwa iheshimiwe kama ahadi. Wanataka mpira ukiwa hai picha iachwe nzima, na tangazo lingoje mapumziko kama lilivyongoja zamani mlangoni mwa redio. Wanataka tangazo la kubahatisha lisisemwe mbele ya watoto. Na timu ya kijiji, hata kama taa zake ni hafifu, isinyimwe kucheza mbele ya watu walioizaa. Washabiki wa mwaka 1968 kule Marekani walidai jambo moja tu kati ya haya, wakalipata kwa sababu walidai kwa sauti moja.

Sauti ya Morogoro imegawanyika kati ya Simba, Yanga na mkeka, na kwa hiyo haisikiki mbali. Hata hivyo mji huu umekwisha kuonyesha mara moja kwamba watu wa namna mbalimbali wakiingia chungu kimoja, chakula huiva. Ubingwa wa mwaka 1975 hakuna aliyeulipia tangazo, na nusu karne baadaye bado unatajwa. Chema kilijiuza.